Irushe kwa Hasira Ileile

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hujakosa kitu ila aibu zangu. Nakupa kwa kifupi, halafu twende.

Mimi na shangazi yangu tunatafuta pete za watu zilizopotea. Za ndoa, za uchumba, zilizoingia kwenye sinki, kwenye mchanga, kwenye nyasi, na moja tuliikuta ndani ya mbwa. Shangazi ana mashine yenye mpini mrefu na sahani kule chini. Ukiipitisha juu ya chuma, inalia. Shida ni kwamba alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga mpaka masikio yakachoka, milio myembamba haisikii kabisa. Kwa hiyo hedifoni navaa mimi.

Yeye mdomo, mimi masikio. Ndiyo maana ananiita Masikio.

Mgawanyo huo unanifaa sana, kwa sababu mimi na kuongea mbele za watu ni paka na panya.

Sasa, Shangazi ana utaratibu wake. Hatafuti pete mpaka kwanza ipotee upya. Anampa mteja pete nyingine, anamwambia asimame palepale, afanye vilevile kama siku ile. Hiyo pete ya pili huwa inakwenda ilikokwenda ya kwanza. Tunaiita Mjumbe.

Mjumbe wetu alizama kwenye bwawa la samaki wiki iliyopita, akafia kazini. Simu ikaja ya haraka: pete ya ndoa, imerushwa kwa hasira, haionekani. Shangazi akajitazama kidoleni, akaivua pete yake ya uchumba, akaifunga uzi mwekundu ili ionekane.

"Dhahabu inaruka kama dhahabu," akasema. "Unanitazama nini? Inakwenda na kurudi."

Pete ile alivishwa na Fundi Bomba. Na Fundi Bomba alimwambia mbele yangu, akiwa bado amepiga goti: "Bibie, nimekuomba mara mbili. Siku nikikikuta hicho kidole kitupu, sitauliza mara ya tatu."

Nikalikumbuka neno hilo. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Tukagonga mlango wa mteja. Mlango ukafunguka. Alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule yangu.

Hapo ndipo mliponiacha.

*

Sisi wanafunzi tunamwita Kengele. Ukimsikia tu, unasimama.

"Wewe," akaniambia, "si ndiye utakayesoma hotuba siku ya wazazi?"

Nikatikisa kichwa. Ndiye mimi.

"Mbona hujibu?"

"Huyu anasikia tu, Mwalimu," Shangazi akadakia. "Kuongea nimeajiriwa mimi. Haya, siku ile ulisimama wapi?"

"Hapa barazani."

"Na mzee?"

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, mtu mwembamba, anatabasamu kama mtu aliyekula kitu bila ruhusa. Yeye tunamwita Bwana Kengele.

"Mimi nilikuwa pale kwenye maua," akasema.

"Alikuwa anakimbia," Mwalimu akasema.

"Sikuwa nakimbia. Nilikuwa natembea kwa bidii."

Shangazi akampeleka mzee kwenye maua. Akamkabidhi Mwalimu ule Mjumbe wake wa dhahabu. Nikaitazama pete ile ikitoka mkono huu kwenda mkono ule, nikahisi kama naona mtoto anavuka barabara peke yake.

Mwalimu akairusha taratibu, kama mtu anayekurudishia chaki. Ikaanguka miguuni pake, tii.

"Ndivyo ulivyorusha?" Shangazi akauliza.

"Ndivyo."

"Mwalimu. Ungerusha hivyo ungeiokota mwenyewe, usingeniita mimi. Irushe kwa hasira ileile."

"Siwezi kukasirika mbele ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi hayupo. Hayo ni masikio tu."

Mwalimu akajaribu tena. Safari hii pete ikafika ngazi ya pili. Shangazi akashika kiuno.

"Mzee, siku ile ulimwambia nini?"

"Aa, hapana. Hilo silirudii. Mimi bado naishi humu ndani."

"Bila neno hilo hatupati pete."

Bwana Kengele akamtazama mkewe. Akatazama geti, kama anapima umbali. Akakohoa.

"Nilisema tu kwamba... akiwa nyumbani, anaongea kama anasubiri watu waandike."

Mwalimu akaiokota pete.

"Na nikaongeza," akasema kwa sauti ndogo, "kwamba wakati mwingine ananikagua kucha."

Sikuuona mkono wa Mwalimu ukinyanyuka. Niliona ukishuka. Mjumbe akapita kwenye sikio la mzee akivuma kama nyigu, akatumbukia kwenye mawaridi.

"Hapo sasa!" Shangazi akapiga makofi. "Hiyo ndiyo hasira! Mwalimu, ungenipa hiyo tangu mwanzo tungekuwa tumeshamaliza, tunakunywa chai."

Tukakimbia kwenye mawaridi. Uzi mwekundu tuliuona palepale, unaning'inia kwenye mwiba, unacheza na upepo.

Uko peke yake.

Shangazi akautazama juu, akautazama chini. Uso wake ukabadilika rangi mara kadhaa.

"Masikio," akaninong'oneza, "huo uzi mbona hauna mtu?"

Nikainua mabega.

"Sikiliza. Usimwambie mtu. Huyu alikuwa ametuita tutafute moja. Sasa zipo mbili. Vaa hedifoni, mwanangu, kidole changu kinawaka moto."

*

Nikavaa. Shangazi akashika mpini.

Kitu cha kwanza kuiliza mashine kilikuwa kifuniko cha soda. Cha pili msumari. Cha tatu kijiko cha chai. Mwalimu akakichukua kijiko, akamtazama mumewe.

"Kumbe hukukiosha. Ulikizika."

"Mke wangu, hayo ya zamani."

Nikaendelea. Nawaambia jambo moja kuhusu dhahabu, mlishike, litatufaa mbele. Chuma kinapiga kelele. Bati linabweka. Dhahabu hailii hivyo. Dhahabu inalia kama mtu anayebisha hodi huku akiomba Mungu asiwepo mtu ndani. Labda ndiyo maana tunaelewana.

Nikaisikia. Chini ya shina la tatu.

Nikapiga magoti, nikachimba udongo tifutifu kwa vidole. Pete ikatoka na udongo wake. Nikaipangusa kwenye sketi, nikaigeuza ndani, na ndani kwenye ukingo nikaona kovu dogo kama kucha iliyokatika.

Kovu hilo nalijua. Fundi Bomba alinunua pete ndogo, akaipanua mwenyewe kwa tupa, tupa ikateleza. Shangazi alikuwa akilionyesha kwa majirani wote: "Tazama, hapa alitetemeka."

Nikainua kichwa nimwite Shangazi. 

Kabla sijapata sauti, pete haikuwa mkononi mwangu.

"Yenyewe!" Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaipokonya. "Pete yangu! Jamani, pete yangu!"

Akaisukuma kidoleni. Ikagoma kwenye kifundo. Akaisukuma kwa hasira ileile. Ikapita.

Kisha akafanya jambo ambalo nikiwasimulia wenzangu shuleni wataniita mwongo. Akalia. Kengele akalia machozi, akamkumbatia mumewe hadharani, akamwita "kipenzi".

Bwana Kengele hakulia. Bwana Kengele alikuwa akiitazama pete ile kidoleni kwa mkewe kama mtu aliyeona maiti ikipiga chafya.

Nikashangaa. Mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Yeye ana sababu gani?

"Hongera, hongera!" Shangazi akasema, huku macho yakiwa chini kwenye mawaridi. Hakuwa ameiona vizuri. Alijua ya mteja imepatikana, imebaki yake. "Masikio, endelea kutafuta."

"Mnatafuta nini tena?" Mwalimu akauliza.

"Tunasafisha eneo, Mwalimu. Utaratibu wetu huo. Hatuachi shimo wala... wala sauti."

*

Nikapelekwa na mashine upande wa nyuma, karibu na tangi la maji. Eti huenda iliruka ikafika huko. Mimi nilijua iliko. Nilitembea tu na sahani juu ya nyasi nikitunga sentensi moja: Shangazi, ile ni yako. Maneno manne. Nikiyapanga yanapangika, nikiyafikisha mdomoni yanatawanyika kama kuku.

Mtu akanigusa bega. Bwana Kengele.

"Binti," akanong'ona, "ile uliyoichimba, uliichimba kweli?"

Nikatikisa kichwa.

"Ardhini?"

Nikatikisa tena kwamba ndiyo.

"Haiwezekani."

Akatazama huku na huku. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua. Ndani kuna pete. Pana kidogo, imechakaa ukingoni, pete ya mtu aliyeandika ubaoni nayo miaka mingi.

Ya Mwalimu mwenyewe.

"Siku ile haikufika hata chini," akasema. "Ilinigonga kifuani, ikaingia mfuko wa shati. Nikasema nitampa jioni. Jioni akaniletea chai mwenyewe. Asubuhi akaniuliza nimelalaje. Binti, tangu tuoane nani aliniuliza nimelalaje? Zamani alikuwa ananiita 'wewe hapo'. Tangu pete ipotee ananiita mume wangu. Nikasema moyoni, acha ipotee kidogo tu zaidi."

Akaikunja leso upesi.

"Sasa ile aliyovaa ni ya nani?"

Kwa bahati, kuonyesha kwa kidole hakuhitaji sauti. Nikaonyesha kule mbele, Shangazi aliposimama.

"Ya shangazi yako?" Akashika kichwa. "Na yeye hajui?"

Nikatikisa kichwa kwamba hajui.

"Basi na asijue leo. Nipe nafasi. Usiku akivua nitazibadilisha, kesho nakuletea ya shangazi yako shuleni, kwisha. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza si unaweza?"

Ndicho kitu pekee ninachokiweza.

"Na mimi," akasema, akainama, "nitaongea naye kuhusu ile hotuba ya siku ya wazazi. Nitamwambia kuna msichana mwingine ana sauti nzuri. Hutasimama mbele ya mtu yeyote. Unasemaje?"

Wasomaji wangu, mnaweza kunilaani. Shangazi yangu amenilea, amenisomesha, na kidole chake kiko kitupu huku Fundi Bomba ameapa. Lakini nyinyi hamjawahi kuota ukumbi umejaa watu, wote wanakutazama wewe, na karatasi inatetemeka mpaka herufi zinadondoka.

Nikampa mkono. Tukakubaliana.

Hapo hapo, mbele, Mwalimu Mkuu akapiga ukelele.

*

Kidole kilikuwa kimevimba. Kimekuwa kama bilinganya, kwa umbo na kwa rangi.

"Haitoki!" Mwalimu alikuwa akiivuta. "Miaka yote ilikuwa inanipwaya, leo inanibana!"

"Ni furaha, mke wangu," Bwana Kengele akasema. "Furaha inanenepesha."

"Kidole kimoja?"

Wakajaribu sabuni. Wakajaribu mafuta. Shangazi akamwambia anyanyue mkono juu, akanyanyua, akasimama pale kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Haikutoka.

"Ngoja," Mwalimu akasema, akashika simu kwa mkono mzima. "Kuna fundi anatengeneza mabomba ya shule hapo upande wa pili wa ukuta. Huyo anajua kutoa kitu popote kilipokwama."

Shangazi akaganda.

"Fundi... fundi bomba?"

"Ndiye. Mtu mpole sana. Unamfahamu?"

"Namwona-mwona."

Shangazi akajitazama kidole. Akanitazama mimi. Kisha akachomoa glovu za kazi kwenye begi, akazivaa mpaka kwenye viwiko, jua linawaka, jasho linamtiririka.

"Mkono mmoja tu ungetosha," nikamnong'oneza. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza siku ile, na hayakumsaidia mtu.

Fundi Bomba akaingia, shati limelowa, penseli mfukoni, anapangusa mikono.

"Shikamoo, Fundi," nikasema kwa mdomo bila sauti, kama kawaida yangu.

"Marahaba, Masikio. He! Bibie, kumbe uko huku? Na hizo glovu, unazalisha ng'ombe?"

"Miba," Shangazi akasema. "Mawaridi haya yana miba mibaya sana."

Fundi akakishika kidole cha Mwalimu, akakigeuza.

"Hapa hatutaki nguvu. Tunataka uzi. Kuna uzi?"

Sote tukatazama mawaridi. Uzi mwekundu ulikuwa bado unaning'inia, kama ulikuwa unamsubiri.

Fundi akauchukua. Akapenyeza ncha yake chini ya pete, akakizungushia kidole uzi kwa kukaza, kutoka kwenye pete kwenda mbele mpaka kifundo kikaminywa. Halafu akaanza kuufungua kutoka nyuma, taratibu, na pete ikawa inapanda juu ya uzi, hatua kwa hatua. Mwalimu akauma mdomo. Bwana Kengele akafumba macho.

Pop. Ikatoka.

"Haya, Mwalimu," Fundi akasema. Akaipangusa sabuni kwenye shati lake. Akaiinua juu aitazame kama imepinda.

Mkono ukabaki juu hivyohivyo.

"Hili kovu la tupa," akasema polepole, "ni langu."

Shangazi akaficha mikono nyuma. 

"Bibie," Fundi akasema bila kugeuka. "Vua glovu."

"Kuna miba..."

"Vua glovu."

Shangazi akavua ya kulia.

"Ya kushoto."

Akavua. Kidole hicho hapo, kitupu, na alama nyeupe mahali pete ilipokuwa inakaa.

"Nilikwambia nini?" Sauti ya Fundi ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Nimekuvisha pete, wewe unamvisha Mwalimu?"

"Sijamvisha! Nilimpa arushe!"

"Arushe?"

"Mjumbe alizama bwawani! Ningetumia nini, kokoto? Nilitumia pete ninayoiamini! Na nikwambie, Fundi, tangu nianze kazi hii sijaona pete inaruka vizuri kama yako."

"Pete ya uchumba wangu unairushia maua."

"Hayakurushiwa maua. Alirushiwa mzee."

"Mimi nilikwepa," Bwana Kengele akasema, akijaribu kuleta amani.

Fundi akaifumba pete ndani ya ngumi. "Nilisema sitauliza mara ya tatu. Mimi si mtu wa kubadilisha neno."

Machozi yakamtoka Shangazi, midomo imefumbwa. Mimi sijawahi kuona midomo ile ikikosa kazi. Nikamtazama, nikamtazama na Bwana Kengele, ule mkono niliompa ukawa unaniwasha.

Halafu Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akikipulizia kidole chake, akagundua jambo.

"Samahani," akasema. "Kama hiyo ni yake, yangu iko wapi?"

Macho yote yakanigeukia. Wote wanne.

"Wewe ndiye uliyechimba," Mwalimu akasema. "Sema."

Nikafungua mdomo. Nikamtazama Bwana Kengele, nikaufunga.

"Ana kitu anakijua huyu," Mwalimu akasema. "Nimefundisha muda mrefu, sura hii naijua. Basi! Kila mtu ageuze mifuko nje. Sasa hivi!"

Ilikuwa sauti ya paredi. Mimi nikageuza mifuko kabla sijaelewa. Shangazi naye akageuza ya gauni lake, makombo ya mkate yakamwagika. Mwalimu akasogea hatua moja kwa mumewe.

Bwana Kengele akatoa leso. Akaipeleka mdomoni. Akakohoa.

Niliona koo lake. Kitu kilipanda, kikasita, kikashuka.

Macho yakamtoka pima.

"Umemeza nini?" Mwalimu akauliza.

"Pipi," akasema kwa sauti iliyopita mahali pembamba.

"Wewe huli pipi."

"Nimeanza."

Shangazi alikuwa bado ana machozi, lakini kazi ni kazi. Akamtazama mzee kuanzia kooni mpaka tumboni, akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Akaokota mashine.

"Masikio, vaa hedifoni."

"Shangazi..."

"Vaa. Mzee, vua mkanda. Una chuma hapo kitatuchanganya."

"Jamani, mimi ni mtu mzima, nina heshima yangu..."

"Vua mkanda!" Mwalimu akapiga kengele.

Akavua. Suruali akaishikilia kwa mkono mmoja. Akaanza kurudi nyuma, kwa bidii kama siku ile, lakini Fundi Bomba akawahi kumzunguka, akamkumbatia mabega kutoka kando. Hakuna aliyemtuma. Nilishangaa kidogo alivyokuwa mwepesi wa kujitolea, mtu ambaye sasa hivi alikuwa amenuna. Nadhani alifurahi kwamba ukaguzi wa mifuko ulikuwa umemsahau yeye.

Shangazi akainua sahani. Akaileta tumboni kwa mzee.

Bwana Kengele akanitazama. Akafanya midomo tu, bila sauti, kwa lugha yangu mwenyewe: Hotuba.

Nikasikia hodi. Ndogo, yenye aibu, ndani kabisa ya tumbo la mume wa Mwalimu Mkuu.

"Unasikia nini?" Shangazi akauliza.

Kidole chake kitupu kilikuwa kimeshika mpini, mbele ya macho yangu.

Nikapiga hesabu ya ukumbi mzima wa wazazi. Nikasema potelea mbali.

"Iko tumboni," nikasema.

Sauti yangu iliwashtua. Ilinishtua na mimi. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri.

"Alikuwa nayo siku zote, kwenye leso. Mwalimu, aliificha kwa sababu ilipopotea ukaanza kumwuliza amelalaje. Na Shangazi alikuwa anaitafuta pete yako, Fundi, hakuichezea. Mimi ndiye niliyejua, nikanyamaza."

Kengele akamgeukia mumewe. Nilitegemea mlio. Hakulia. Alisimama tu anamtazama, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Kwa hiyo kukuuliza umelalaje," akasema, "ndiko kulikokufanya ule dhahabu?"

Hakuna aliyecheka. Isipokuwa Shangazi, kidogo, puani. Na kwa kucheka kule mkono ukamtikisika, mpini ukamponyoka kidogo, sahani ikatoka tumboni kwa mzee ikapanda juu, ikapita kifuani kwa Fundi Bomba aliyekuwa bado amemkumbatia.

Hodi.

Nikashika hedifoni kwa mikono miwili.

"Rudisha," nikasema.

"Nirudishe wapi?"

"Juu. Kifuani kwa Fundi."

Fundi akamwachia mzee. "Hapo kuna penseli tu."

Shangazi akairudisha sahani. Hodi, ileile, nyembamba, yenye aibu, inaomba asiwepo mtu ndani. Na pete ya Shangazi haikuwa hapo. Pete ya Shangazi ilikuwa kwenye ngumi ya Fundi, na ngumi iko chini, nyuma ya mgongo wake.

"Kuna pete nyingine, Shangazi," nikasema. "Mfukoni mwa Fundi."

Kiganja cha Fundi kikaruka kikafunika mfuko wa shati.

"Ni nati, Bibie. Mimi ni fundi bomba. Nati hazikosekani."

"Nati hailii hivyo," nikasema.

Siku ile mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, haukujua tena njia ya kurudi.

Shangazi akailaza mashine kwenye nyasi, taratibu kama anamlaza mtoto. Akapangusa machozi kwa ile glovu. Akanyoosha mgongo. Akamtazama mchumba wake, yule mtu asiyebadilisha neno, kuanzia penseli mpaka viatu.

"Fundi," akasema. "Vua shati."